Nyasi za bustani yangu ya mezani zimebadilika rangi: ni jua, gundi au chokaa?

#1 Binti wa Muheza (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nimetengeneza bustani ndogo juu ya kipande cha plaiwudi, futi mbili kwa moja na nusu. Ina banda la makuti, kisima, mgomba, minazi mitatu, tuta la mchicha na uwanja wa nyasi. Iko kwenye saluni ya dada yangu hapa Tanga, karibu na dirisha, wateja wanaitazama wakisubiri kusukwa.

Nyasi ni vumbi la mbao nililolitia rangi. Nilipaka gundi nyeupe ya useremala, nikanyunyizia vumbi juu, nikakandamiza kidogo, likikauka nikapukuta lililobaki. Mwanzoni kijani kilikuwa kizuri mno. Baada ya wiki chache upande wa dirishani umefifia, na kuzunguka kisima kumetokea utepe wa kahawia unaoelekea wekundu. Dada anasema bustani imekosa mvua.

Nani ameshakutana na hili? Sababu ni nini?

#2 Kipanga Mweusi
Uzi bila picha ni tetesi. Tupia picha.

#3 Fundi Keko
Ni jua tu hilo. Rangi gani ulitumia? Kama ni ya chakula, ile imetengenezwa ikae kwenye keki mpaka jioni, si kukaa dirishani mwezi mzima.

Chukua rangi ya maji ya ukutani, izimue kidogo, changanya na vumbi, fikicha kwa mkono (vaa glavu), anika kivulini juu ya gazeti kisha chekecha kwa chujio la chai. Rangi ya ukutani ina chembe ambazo haziyeyuki, mwanga hauziwezi haraka. Ya chakula imeyeyuka yote ndani ya maji, jua linaivunja.

#4 Jangwani Asilia
Kijani imeanza kuingia njano? Bustani imejitambua. Karibu nyumbani Yanga dada.

#5 Mnyama Damu
#4 rudia kusoma, kaandika kahawia inayoelekea NYEKUNDU. Iko njiani inakuja Msimbazi, kwa Simba.

#6 Mwalimu wa Maabara
Kabla ya kumtaja mchawi, mleta uzi tujibu: kijani ulikipataje? Chini ya nyasi kuna nini? Na kisima umekijenga kwa kitu gani?

#7 Binti wa Muheza
Picha nimeweka hapo juu, Kipanga.

Mwalimu: kijani nilichanganya mwenyewe, manjano ya jikoni na rangi ya chakula ya bluu, kwa sababu kijani cha dukani kilikuwa kikali, kinafanana na mfuko wa plastiki. Chini nilipaka chokaa plaiwudi iwe nyeupe. Kisima ni kopo la nyanya nililolikata, nikalizungushia saruji nyeupe na vikokoto. Vumbi nilipewa na fundi samani jirani yetu.

#8 Mwalimu wa Maabara
Basi kesi imekwisha. Manjano ni kipimo cha asidi na besi, tena cha bure. Kwenye asidi yanabaki njano, kwenye besi kama chokaa, saruji au magadi yanageuka wekundu wa kahawia. Paka manjano kwenye karatasi nyeupe, dondoshea maji ya chokaa, utaona mwenyewe. Saruji ya kisima ikipata unyevu inatoa besi, ndiyo maana utepe umezunguka kisima. Uzi ufungwe.

#9 Fundi Keko
Usifunge uzi wa watu, Mwalimu. Kasema chokaa iko chini ya uwanja MZIMA. Mbona haujawa mwekundu wote? Na dirishani mbona umefifia tu?

#10 Mama Watatu
Nampa Mwalimu nusu na Fundi nusu. Sisi tunaofua tunajua. Doa la mchuzi wenye manjano ukilipaka sabuni ya kipande linageuka jekundu unabaki umeshika mdomo. Halafu ukianika nguo hiyo juani, mpaka jioni doa limefifia. Kwa hiyo manjano yanaogopa vyote viwili, sabuni na jua.

#11 Mwalimu wa Maabara
Fundi, chokaa iliyokaa hewani inashika kaboni dayoksaidi na kugeuka kaboneti, ukali unapungua sana. Saruji ya kisima ni mbichi zaidi, na uwezekano mkubwa ilikuja baada ya chokaa. Mleta uzi atuthibitishie kipi kilitangulia.

#12 Mama Grade Five
Habarini wadau, niko Nairobi. Huku CBC, ule mtaala wa shule wa umilisi, imetufanya sisi wazazi wasanii kwa lazima. Mtoto anakuja saa mbili usiku, "Mum, kesho tunapeleka model ya shamba."

Mimi yalinipata hayo hayo ya kahawia na hakukuwa na manjano wala chokaa. Vichaka nilitengeneza kwa stilwaya ile ya kusugulia sufuria, nikapaka gundi ya maji, nikapulizia rangi. Baada ya muda vichaka vyote vikatoa kutu na kutu ikashuka kwenye nyasi. Kopo la nyanya ni chuma kilichopakwa bati. Ukilikata, kingo zinabaki uchi. Saruji ya maji, gundi ya maji... kutu hiyo, dada.

#13 Binti wa Muheza
Mwalimu, chokaa ilitangulia, kisima kilifuata siku nyingine. Mama Grade Five, kopo nililikata kwa mkasi wa bati na kingo sikuzipaka chochote. Sasa mmenichanganya.

#14 Mwalimu wa Maabara
Kutu ndani ya saruji mbichi ni ngumu kidogo kutokea, saruji kwa ukali wake huwa inakilinda chuma. Ndiyo maana nondo haziozi ndani ya zege zuri.

#15 Fundi Keko
"Zege zuri." Hapo kuna saruji ya kijiko imezungushiwa kopo la nyanya, Mwalimu, si Daraja la Kigamboni.

#16 Seremala wa Mufindi
Wote mmeruka swali la kwanza la fundi yeyote wa mbao: hilo vumbi ni la mti gani? Fundi samani wa mjini anakata mninga leo, mtiki kesho, keshokutwa mkangazi. Mninga ukiukata ukiwa mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, na vumbi lake ukililowesha maji yanachukua rangi. Palipokaa maji mengi, na kwenye kisima ndipo palipoloa saruji, rangi ya mbao inapanda juu ya rangi yako. Tena mbao zenye tanini, ule ukakasi wa magome, zikikutana na chuma zinafanya doa jeusi. Kama kahawia hiyo ina weusi weusi ujue ni tanini na lile kopo.

Kwa kazi hii tafuta vumbi la paini. Huku kwetu karibu na shamba la Sao Hill ni la kumwaga. Jeupe, halina utomvu wa rangi. Na vaeni barakoa wakati wa kuchekecha, vumbi la mbao ngumu si rafiki wa mapafu.

#17 Mla Mihogo
Nimesoma mpaka hapa. Kumbe kuna watu wanalima vumbi la mbao, tena lina magonjwa. Kwetu tunapanda mihogo tu na inaota.

#18 Kipanga Mweusi
Picha nimeiona. Hongera, banda la makuti limetulia. Ila yule jogoo ni mkubwa kuliko mlango wa banda, na mnazi wa kushoto unamfika jogoo kwenye upanga. Huyo ni jogoo au ni mbuni?

#19 Mchora Ramani
Kipanga kanitangulia. Dada, ungeanza kwa kuchagua kipimo. Tuseme 1:24, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 24: mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 7 na kidogo, mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8 hivi. Mnazi wa mita 15 unakuwa zaidi ya sentimita 62, hautaingia saluni. Ukienda 1:50 mnazi huo unakuwa sentimita 30, mtu sentimita 3 na nusu, na jogoo ni chini ya sentimita moja, unamkata kwenye kijiti cha meno. Sisi kwenye michoro ya majengo tunapenda 1:50 na 1:100 kwa sababu hiyo. Wenye nyumba za midoli wanatumia 1:12, lakini wao hawana minazi.

#20 Binti wa Muheza
Jogoo nilinunua tayari, ni wa plastiki, na wateja wanampenda kuliko kitu chochote hapo. Hatoki.

#21 Mla Mihogo
Jogoo abaki. Bomoeni banda.

#22 Pwani Huru
Salaam kutoka Mombasa. Jamani mnasahau bahari. Tanga na huku kwetu hewa imeloa mwaka mzima, na gundi nyeupe ya maji haikauki ikawa jiwe. Ikipata unyevu inalainika tena, na vumbi la mbao ni chakula. Mnachokiita rangi kubadilika mimi naita ukungu. Bustani yangu ya kwanza niliibandika kwa gundi ya unga wa ngano, nikaweka na kuvumwani halisi niliyobandua ukutani. Sisimizi walihamia, wakafuata mende, kisha madoa ya kila rangi: mengine meusi, mengine ya waridi. Aangalie kwa kioo cha kukuzia kama utepe una manyoya.

Wazee waliokuwa wakijalidi vitabu walitia mrututu (chumvi ya shaba) kidogo kwenye gundi ya unga, hakuna mdudu wala ukungu uliogusa.

#23 Mama Watatu
Mrututu ni sumu, Pwani Huru! Hiyo bustani iko saluni, watoto wanakuja na mama zao na kila mtoto anataka kumshika yule jogoo. Tena wenyewe ni wa bluu, utaongeza rangi nyingine kwenye kesi. Tia matone ya mafuta ya karafuu kwenye gundi, yanazuia kuvu na yananukia.

#24 Pwani Huru
Nimesema wazee walitia, sikusema nyie mtie. Karafuu sawa, nakubali.

#25 Kijana wa Buguruni
Samahani naingia kati. Hii sanaa si ndiyo bonsai ya Wajapani?

#26 Shangazi wa Slough
Hapana mwanangu. Bonsai ni mti ulio hai, unapogolewa na kufungwa waya ubaki mdogo. Anachofanya Binti kiko karibu zaidi na bonkei, mandhari ya kwenye sinia inayojengwa kwa vitu vikavu: mchanga, mawe, karatasi iliyopondwa. Hiyo haimwagiliwi.

Na mkifika huku Uingereza nawapeleka Windsor, ni karibu na kwangu. Kwenye kasri kuna nyumba ya midoli ya Malkia Mary iliyokamilika 1924, kipimo 1:12, michoro yake ni ya msanifu majengo Edwin Lutyens. Bustani yake ilibuniwa na Gertrude Jekyll, mama aliyekuwa na jina kubwa kwenye bustani za kweli za Uingereza. Imefichwa kwenye droo chini ya nyumba, unaivuta inatokea. Fundi Keko, hapo nakupa hoja: kitu kikikaa ndani ya droo jua halikipati.

#27 Fundi Keko
Asante Shangazi. Kuna mtu mmoja humu ana akili.

#28 Kijana wa Buguruni
Shukrani. Mimi nataka kuanza na miti. Nifanyeje majani yasionekane ya dukani?

#29 Seremala wa Mufindi
Dodoki. Lile la kuogea. Lililokauka vizuri ukilikata vipande na kuvuta nyuzi zake unapata kichaka ambacho hakuna kiwanda kinakifikia. Shina fanya kwa waya wa kufungia nondo: kata nyuzi ishirini hivi, zisokote pamoja chini, juu zitawanye mbilimbili ziwe matawi. Paka shina gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, ndiyo gome hilo. Bandika dodoki kwenye matawi, chovya kwenye gundi iliyozimuliwa, nyunyizia vumbi la kijani. Ukitaka mbuyu, shina lifanye nene kwa karatasi ya trei za mayai iliyolowekwa na kupondwa, matawi yawe mafupi na majani machache.

#30 Mama Grade Five
Paka waya rangi ya mafuta kwanza! Kutu!

#31 Binti wa Muheza
Minazi yangu ni vijiti vya mishikaki vilivyozungushiwa uzi wa katani, makuti ni ukindu niliouchana kwa sindano. Mgomba ni karatasi ya krepu yenye waya katikati. Makuti ya banda ni usumba wa nazi, huo hata gundi nyingi hautaki.

#32 Kijana wa Buguruni
Na maua ya pamba nibandike na supagluu? Inakauka haraka.

#33 Mama Grade Five
USITHUBUTU. Kijana wangu alibandika mawingu ya pamba kwa supagluu, pamba ikaanza kutoa moshi mkononi mwake. Alilia, kidole kikapata lengelenge. Nilidhani gundi ni feki.

#34 Mwalimu wa Maabara
Si feki. Supagluu ikiingia kwenye pamba inagandamana kwa kasi sana na kutoa joto, linatosha kuunguza ngozi. Nguo za pamba pia, na glavu za pamba. Na wale wanaojenga vilima kwa povu jeupe linalokuja na TV: msipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, wala msipake gundi yenye harufu ya thina. Vinayeyusha povu, unabaki na mashimo. Paka kwanza gundi nyeupe au plasta, ikauke, ndipo upulizie.

#35 Mnyama Damu
Yaani bustani ina moshi, sumu, kutu na jogoo mkubwa kuliko mlango. Hii si bustani, hii ni filamu.

#36 Binti wa Muheza
Nimerudi na majibu, au niseme na maswali zaidi. Nilitengeneza vipande vidogo vya nyasi vya majaribio, manjano na bluu ileile, vumbi lilelile. Kimoja bila chokaa dirishani, kimoja juu ya chokaa dirishani, kimoja juu ya chokaa ndani ya kabati, kingine nimekiwekea donge la saruji mbichi na kukiweka kabatini pia.

Cha dirishani bila chokaa kimefifia na kimeanza kuonekana kibluu. Cha chokaa dirishani kimefifia pia, kina kahawia kidogo. Cha chokaa kabatini kahawia kidogo, kijani kipo. Cha saruji kimefanya utepe mwekundu wa kahawia kuzunguka donge, ila ni mwepesi kuliko ule wa kisimani. Manyoya sikuyaona. Na fundi jirani amesema siku hiyo alikuwa akikata mninga na "mbao nyingine", hakumbuki ipi.

#37 Mwalimu wa Maabara
Utepe kuzunguka saruji, kabatini, bila jua. Sina la kuongeza.

#38 Fundi Keko
Kibluu dirishani bila chokaa. Manjano yameliwa na jua, bluu imebaki. Sina la kuongeza pia.

#39 Seremala wa Mufindi
"Akikata mninga." Haya. Na kipande cha paini peke yake hakikufanywa, kwa hiyo hilo jaribio lenu halijamtoa mninga kwenye kizimba.

#40 Mama Grade Five
Wa saruji bila kopo ni mwepesi, wa kisimani wenye kopo ni mzito. Huo uzito umetoka wapi kama si kutu?

#41 Mwalimu wa Maabara
Kisima kina saruji nyingi kuliko donge, mama.

#42 Mama Grade Five
Na kopo jingi kuliko donge, Mwalimu.

#43 Jangwani Asilia
Mimi nasubiri ile ya dirishani imalize bluu tujue inahamia timu gani.

#44 Mchora Ramani
Dada, wakati hawa wanashindana: nyasi mpya tengeneza kwa rangi ya ukutani kama alivyosema Fundi #3, juu ya vumbi la paini, na chini badala ya chokaa paka hiyohiyo rangi ya maji, ya kahawia. Ukitaka zisimame, wapenda treni ndogo wanatumia nyuzi fupi za nailoni zinazosimamishwa kwa umeme tuli, lakini kwa saluni vumbi linatosha. Maji ya kisima umeweka nini?

#45 Binti wa Muheza
Kipande cha kioo. Nilifikiria ile risini ya kumimina, ya majimaji inayoganda ikawa kama kioo.

#46 Mchora Ramani
Baki na kioo. Risini ukiimimina nene inapata joto kali na kupasuka, inatakiwa tabaka jembamba, ikauke, tabaka jingine. Tena ndani ya kopo hakuna atakayeona tofauti.

#47 Shangazi wa Slough
Wateja hawajaanza kuuliza bei?

#48 Binti wa Muheza
Wawili wameuliza, Shangazi. Mmoja anataka ya nyumba yao ya Lushoto, na milima. Mwingine anataka jogoo tu.

#49 Mla Mihogo
Nilisema mimi.

#50 Kijana wa Buguruni
Wakuu, madodoki Dar yanapatikana wapi yale makubwa yasiyokatwa? Nimezunguka Kariakoo nimekuta yaliyoshonewa kitambaa tu.

#51 Mama Watatu
Usinunue, omba mbegu. Yanatambaa kwenye uzio wenyewe. Yaache yakaukie kwenye mti mpaka ukiyatikisa yacheze, ndipo uyamenye. Niko Mbagala, nitumie ujumbe pembeni.